Majani Kwenye Waya wa Mzee Longinus

Samaki hashikwi kwa mkono mkavu. Lowesha mkono kwanza, wanangu, ndipo umguse. Mkono mkavu unambandua ule utelezi wake, na utelezi ndilo shati lake. Ukimvua shati ukamrudisha mtoni, baada ya siku chache anaota ukungu mweupe na kufa, na wewe huku umeshaandika kwamba ulimrudisha mzima. Haya nayasema mwanzoni kabisa kwa sababu nikianza kuongea huwa napotea njia, na hili nisingependa lipotee pamoja nami.

Ninyi mlioajiriwa juzi pale kituo cha utafiti wa samaki mmeniomba niwaandikie kidogo habari za kazi yetu ya zamani. Mimi Gervas niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga majivu, lakini miaka yote ile nilivuta kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota, nikapima samaki kwenye ubao mpaka miguu yangu ikayakataa maji baridi ya mlima Matogoro. Sasa nakaa hapa Mfaranyaki, nyuma ya duka la vipuri vya bodaboda, na kelele zao ndizo saa yangu ya ukutani.

Nianze na Daktari Mwanaidi, maana bila yeye msingeelewa mengine. Alikuja kutoka pwani, msichana bado, kajifunga ushungi, na mabuti ya mvua yamempita magoti. Kazi yake ilikuwa kujua kila kijito kina samaki gani, wa kwetu ni wapi na wageni ni wapi. Watu wa vijijini wakasikia kwamba kituoni kuna daktari. Siku mbili hazijapita, tukafika asubuhi tukakuta kina mama wamepanga foleni na watoto migongoni. Nikawaeleza kwa adabu kwamba huyu ni daktari wa samaki. Mama mmoja akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza, "Yaani samaki wamepata daktari, na sisi bado tunangoja?" Wenzake wakacheka. Mwanaidi naye alicheka kidogo, kisha akatoa gari limpeleke hospitali ya misheni mtoto mmoja aliyekuwa anachemka kwa homa. Tangu siku ile hakuna kijiji kilichotunyima njia ya kwenda mtoni. Hilo nalo ni somo, ingawa halimo kwenye vitabu vyenu.

Na paka wa mpishi wetu, nisimsahau. Alikwapua samaki kwenye ndoo ya fomalini, ile dawa kali ya kuwahifadhia waliokufa, akakimbia naye mpaka chini ya gari, akamtema, akakaa anamtazama kama mtu aliyetukanwa na mkwewe. Toka hapo yule paka alikula ugali kwa mboga za maboga. Samaki ukimwonyesha, anainuka anakwenda zake.

Lakini aliyenifundisha kazi si Mwanaidi. Ni Mzee Longinus.

Longinus alikuwa fundi wa nyavu pale kituoni kabla yangu. Mtu mrefu, mkimya, muumini wa kanisa, na kucha ya dole gumba la kulia aliiacha ndefu makusudi kwa ajili ya kuhesabia miiba ya pezi la mgongoni. Siku yangu ya kwanza nilivua perege mmoja mnene, nikasema huyu atafaa na ugali wa moto. Alininyang'anya polepole, akasema, "Macho yako yana njaa, wewe. Unamwona kitoweo, humwoni samaki." Akanikalisha kwenye jiwe. Akanionyesha mkia wa perege wetu wa mto, ulivyo safi, na uzi mwekundu umezunguka pembeni kama pindo la khanga. Akanionyesha midomo, magamba, rangi ya dume anapojenga kiota chake mchangani. Jioni niliporudi nyumbani mke wangu alinikaangia samaki, nikamgeuza nikaanza kumhesabu miiba. Akaniuliza kama kazini wamenifundisha kula au kusali.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Ninyi hamkuiona. Kabla yake tulipanga foleni ya sabuni, na ukibahatika kupata shuka jipya jirani wanakuja kulishika. Ghafla maduka ya Mfaranyaki yakajaa: redio, baiskeli, mitumba mpaka makoti ya watu wa kwenye theluji. Kila kitu ruksa. Lakini mlango ule ule ulioingiza redio ndio uliowatoa watu kazini. Kituo kikaambiwa kipunguze wafanyakazi, na aliyetangulia kupunguzwa alikuwa Longinus, kwa kuwa alikuwa na umri. Hakulalamika. Alifunga sindano zake za kushonea nyavu kwenye kitambaa, akaniachia moja, akarudi shambani kwake.

Shamba lake lilikuwa kwenye kijito cha Lihinga, nyuma ya Matogoro, juu ya maporomoko. Shikeni hapo, juu ya maporomoko, maana habari yote iko hapo. Maji ya Lihinga yanadondoka kwenye mwamba mrefu kabla ya kuteremka kuufuata Ruvuma, na hakuna samaki wa chini anayeweza kuupanda ule mwamba.

Mwaka huohuo wakaanza kupita wafanyabiashara na magari yenye mapipa ya maji, wanauza vifaranga vya samaki. Wanakua haraka, wanasema, miezi michache sahani imejaa. Kila mwenye bonde akachimba bwawa. Hakuna aliyeuliza samaki hao wametoka wapi. Watu wakawapa jina lao wenyewe, samaki wa ruksa. Longinus naye alichimba. Alipata vifaranga wadogo kama kucha, na kwa udogo ule hata yeye asingewatambua. Walipokua kidogo aliniita nikaone. Alimshika mmoja, akaulowesha mkono kwanza kama kawaida yake, akaufungua mkia juani. Mkia wote ulikuwa na mistari, mstari juu ya mstari, kama shuka la hospitali.

"Huyu si wa kwetu, Gervas," akasema.

Wakati ule kule chini mabwawa yalikuwa yameshapasuka mara nyingi, na wageni walikuwa wameshaingia mtoni. Mgeni huyu ana nguvu. Anakula mayai ya mwenzake, anamfukuza kwenye viota, na mahali pengine anamwoa kabisa, mnapata watoto ambao si huyu wala si yule. Kila tulipovuta kokoro chini ya maporomoko, perege wa mto walipungua. Juu ya maporomoko peke yake ndiko walikobaki wenyewe kwa wenyewe, safi. Mwanaidi alipaita ghala la mbegu. Alisema tukipahifadhi pale, siku moja tutachukua mbegu tukapande upya vijito vingine. Na pale pale, katikati ya ghala, ndipo lilipokuwa bwawa la Mzee Longinus lenye wageni.

Sikuogopa kumwambia Mwanaidi, na Longinus mwenyewe ndiye aliyenituma nimwambie. Walikaa wote wawili kwenye tuta la bwawa, yule binti wa pwani na mzee wa Kingoni, wakaelewana bila kupandishiana sauti. Mjukuu wa Longinus alikuwa anangoja kipaimara. Samaki watavuliwa kwa ajili ya sherehe, kisha bwawa litakaushwa mpaka tope lipasuke, kabla mvua hazijaanza. Wakati huo wa kungoja, Longinus akafunga wavu wa waya wenye matundu madogo kwenye mlango wa kutolea maji. Hatari ya waya ni majani. Miombo ikipukutisha, majani yanaelea, yanakuja kubandika kwenye waya kama viraka, maji yanakosa pa kupita, yanapanda, yanavuka tuta, na tuta la udongo likishavukwa ni suala la muda. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chai Longinus alishuka bwawani akayatoa majani kwa mikono. Nilimkuta mara nyingi. Alikuwa anayarundika pembeni vizuri, kama mtu anayekunja nguo.

Akafa ghafla, kiangazi kikielekea mwisho. Kifua kilimbana Jumamosi, Jumapili tukamlaza kanisani, Jumatatu tukamzika. Kipaimara kilikuwa bado.

Sasa kuna jambo la ukoo ule ambalo ninyi wa mjini mnaweza kuliona dogo. Mwenye nyumba akifa, vifaa vyake vyote vinafungwa kamba pamoja, jembe, panga, nyavu, vinawekwa chumbani. Alichokishika kwa mkono wake hakiguswi na mtu mpaka ndugu yake mkubwa aje afungue kamba, pombe ya komoni inywewe, msiba uanuliwe. Shamba halilimwi, kuku hachinjwi, bwawa halivuliwi. Ndugu mkubwa wa Longinus alikuwa Mzee Alfons, na Mzee Alfons alikuwa Nakapanya, huko Tunduru, alikohamia kufuata biashara ya korosho. Kwenye maziko hakuwahi. Alipelekewa habari kwa dereva wa lori, na jibu lilirudi kwa dereva mwingine kwamba anakuja, ila mguu wake umevimba, asubiriwe.

Tukasubiri, na majani hayakutusubiri.

Nilianza kupita pale mara kwa mara, nasimama nje ya mpaka wa shamba natazama. Mwanzoni waya ulikuwa na majani machache. Halafu nusu. Halafu ukawa ukuta wa kahawia, na maji yananong'ona kwa juu tu. Nikaenda kwa mjane, Mama Kandida. Alikuwa amekaa chini, kichwa kimenyolewa, kajifunga kaniki, wifi zake wawili wamekaa pembeni wanachambua mchicha ambao ulishachambuliwa. Nikamwamkia, nikakaa, nikaongea mengine yote kwanza. Mwisho nikasema, "Mama, siombi bwawa. Naomba niondoe majani kwenye waya tu. Hata samaki sitawaangalia."

"Waya ule aliufunga nani?"

"Mzee."

"Basi atakuja ndugu yake kuufungua."

Nikamweleza habari za maporomoko, na ghala la mbegu. Alizijua kuliko nilivyodhani, maana Longinus alimsimulia kila jioni. Aliniambia mumewe alikuwa anawaita wale perege wa juu wapangaji wake, akarudi kutoka bwawani anasema, leo nimewalinda wapangaji wangu. Nikaona machozi yanamlenga, nikadhani nimeshinda. Akawatuma wale mawifi wakachote maji. Walipotoka akasogea karibu.

"Gervas mwanangu, wewe hujawahi kuwa mjane. Leo umetoa majani. Kesho anapita mtu wa ukoo, anaukuta waya mweupe. Hatauliza nani kausafisha. Atauliza nani alikuwa na haraka." Akapangusa uso kwa pindo la kaniki. "Shangazi yangu walimtoa nyumbani kwa mumewe kwa ajili ya kuku mmoja. Kuku wa marehemu. Alimchinja kuwalisha waombolezaji haohao, na mchuzi waliunywa, wakamaliza, ndipo wakamtoa. Mimi nikitolewa hapa nakwenda wapi?"

Alisema kweli. Nyumba ya kwao ilishaanguka, kaka zake wameshakufa, na watoto wake wote ni mabinti walioolewa mbali.

Nilirudi kwa Mwanaidi nikamweleza. Kulikuwa na mtu pale kituoni, simtaji, aliyesema twende kwa ofisa wa kata tupewe mgambo, bwawa likaushwe siku moja kazi iishe. Mwanaidi alikaa kwenye ngazi ya gari, buti moja mguuni na jingine mkononi. Akasema, "Nikimpelekea mgambo mama mwenye kaniki, kesho nani atanionyesha samaki?" Kisha akavaa buti la pili. Tulichofanya ni kufunga wavu mwingine kwenye kijito chenyewe, chini kidogo ya bwawa, nje ya mpaka wa shamba. Tuliutia vigingi, tukaupangia mawe, kila mmoja wetu akijua kwamba ule ni wavu wa kiangazi. Maji ya masika hayaombi ruhusa kwa vigingi vya mianzi.

Nami nilipeleka ujumbe Nakapanya mara nyingine tena. Nilikwenda stendi nikamtafuta dereva, nikamwambia mwambie Mzee Alfons kwamba kama mguu hauwezi basi atume hata neno, neno lake tu, kwamba majani yatolewe. Dereva akaniuliza, "Majani ya nini, ya chai?" Nikamwambia ya bwawa. Akanitazama kwa huruma, akasema atafikisha. Baadaye nilisikia kwamba alimwambia Mzee Alfons aje upesi kwa kuwa kuna ugomvi wa shamba la majani ya chai. Mzee wa watu akaondoka Nakapanya na mguu wake ule ule umefungwa vitambaa, amekasirika, akipanda lori juu ya magunia. Na mvua ya kwanza ikalikamata lile lori njiani, likazama kwenye tope mpaka ekseli. Barabara ile ya Tunduru enzi hizo, wanangu, mtu alikuwa anaaga nyumbani kama anakwenda vitani.

Mvua ile iliwahi. Haikuwa na adabu ya kuanza kwa manyunyu. Ilianza adhuhuri kule juu Matogoro, mlima ukafunikwa, na sisi mjini bado tuna jua. Mwanaidi aliuona mlima umetoweka, akaita dereva. Gari lilikataa kwenye kilima cha mwisho, tukashuka tukakimbia kwa miguu, ushungi wake umemganda usoni, mimi mbele nashika matawi.

Tulipofika tulimkuta Mama Kandida ndani ya bwawa.

Maji yalikuwa kifuani kwake. Kaniki imeelea imemzunguka. Alikuwa anachota majani kwenye waya kwa mikono miwili, anayatupa tutani, anachota, anayatupa, na mengine yanakuja na mvua yanabandika palepale alipotoa. Wale mawifi wawili walikuwa wamesimama kwenye mgomba wamejifunika magunia, hawamkatazi wala hawamsaidii. Nikamsikia anaongea. Hakuwa anaongea nasi. Alikuwa anasema, "Nimekuja, baba Agatha. Nimekuja. Subiri kidogo, nimekuja." Agatha ni binti yao mkubwa.

Nikaruka ndani. Mwanaidi naye akaruka, na hajui kuogelea, mtu wa pwani huyo, nitamcheka mpaka nife. Tulichota watatu. Lakini maji yalikuwa yameshapanda tuta upande wa pili, yakapata ufa, ufa ukawa mlango. Nilihisi bwawa linavuta miguu yangu. Nikamshika mama mkono, nikamvuta kwenye mizizi, na tuta likaenda. Halikuwa na kishindo nilichotegemea. Lilipumua tu, kama ng'ombe anavyolala.

Samaki wa ruksa walimwagika na maji kwenye nyasi, wanang'aa, wamenona, mistari mikiani. Majirani wakaja na ndoo na masufuria wanakimbizana, mmoja anaimba kwamba leo kitoweo kimetufuata mlangoni, maana wao walijua nini? Kuna mzee alijaza kofia. Tuliokota tuliowaweza. Wadogo, wale wa kama kidole, hao hawaokoteki. Waliingia Lihinga. Ule wavu wetu wa kiangazi niliukuta wiki iliyofuata chini ya maporomoko, umejisokota kwenye mwamba, na ndani yake amekufa perege wa mto mmoja, mkia safi, uzi mwekundu pembeni.

Mzee Alfons alifika ardhi ikiwa bado mbichi. Alishuka kwa fimbo, akakaa na ukoo, akafungua kamba ya vifaa vya mdogo wake, akalia. Kisha akaomba apelekwe bwawani. Tulimpeleka, Mama Kandida nyuma yetu. Bwawa lilikuwa shimo la tope lenye nyayo za watu. Mlango wa maji peke yake ndio uliobaki umesimama, na waya wake, na majani. Mzee Alfons aliutazama muda mrefu. Nilikuwa nangoja aseme lile neno ambalo mama alikuwa analiogopa, kwa nini aliingia bwawani kabla ya kamba kufunguliwa. Mawifi nao walikuwa wanalingoja.

Akamgeukia shemeji yake, kwa sauti ya chini kabisa. "Majani tu, mlamu? Ungeyatoa. Nani angekusema?"

Mama Kandida alichukua pindo la kaniki akaliziba kinywani, akabaki hivyo mpaka tuliporudi nyumbani.

Nimelifikiri neno lile mara nyingi. Mzee Alfons alikuwa mtu mwema, na alilisema kwa wema. Hata shamba hakumnyang'anya, aliliacha mikononi mwake mbele ya ukoo wote. Lakini sijui kama angelisema neno lile lile iwapo angeukuta waya umesafishwa na bwawa limejaa. Huruma ni rahisi bwawa likishapasuka. Na nadhani lilimuumiza mama kuliko kufukuzwa. Anayefukuzwa anajua alichoogopa kilikuwepo.

Basi kazi ikaendelea. Kazi yetu ni hii, vijana, kurudi mahali palepale, msimu uleule, wavu uleule, na kuandika kilichomo, si unachotamani kiwemo. Hilo mtalisikia mkiwa darasani mkaliona jepesi. Ngojeni mpaka mahali penyewe mpapende. Msimu wa kwanza juu ya maporomoko tulipata perege wa mto wengi na wageni wachache, tukapeana mikono. Wageni tuliowapata hatukuwarudisha majini, ndiyo sheria. Msimu uliofuata walilingana. Baadaye wakaanza kutokea wale wa katikati, mkia wenye mistari iliyofifia na uzi mwekundu uliokatikakatika. Mwanaidi alikuwa anakata kipande cha pezi cha kupimia asili yake, anatia kwenye kichupa cha spiriti, anakifunga, anakitikisa juani. Wachache walio safi tuliwahamishia kwenye tangi la kituo tukawatunza kama mboni ya jicho, nikawabadilishia maji kwa mkono wangu. Walikaa wakaishi, lakini hawakuzaa, wakaenda mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa dume. Alijenga kiota kwenye kona ya tangi kwa changarawe kidogo tulizomtilia, akakilinda, na hakukuwa na jike wa kumwonyesha.

Kila tulipokwenda Lihinga, Mama Kandida alikuwa anakuja ukingoni. Alisimama mpaka tuvute kokoro lote, kisha ananiuliza mimi, hamuulizi Mwanaidi: "Wapo?" Nami namwambia. Wapo, mama. Mwaka mwingine: wapo wachache. Dereva wetu aliwahi kunishauri nimdanganye mama wa watu apate usingizi. Nilijaribu kuufungua mdomo hivyo siku moja, nikaona kucha ndefu ya Longinus mbele ya macho yangu, nikasema ukweli. Mama mwenyewe samaki wa ruksa hakuwahi kuwala. Majirani walimletea, akawapa paka.

Mwanaidi alihamishwa, akawa mtu mkubwa huko alikokwenda. Siku ya kuondoka aliniachia mabuti yake, nikamwambia hayanienei, akasema hayo si ya kuvaa.

Mara ya mwisho kwenda Lihinga nikiwa mwajiriwa tulivuta kokoro tangu asubuhi, juu ya maporomoko yote, kila bwawa la mwamba, kila kivuli. Mistari tu. Mistari iliyokolea na mistari iliyofifia. Nikasubiri Mama Kandida aje ukingoni aniulize, nikiwa nimeshalipanga neno langu. Hakuja. Nikawaacha wenzangu wanakunja wavu, nikapanda shambani kwake, nikiogopa nitakuta kilio.

Nilimkuta bwawani. Bwawa siku hizi ni nyasi, mbuzi wanalala humo, na maji hayajapita pale tangu siku ile. Mlango wa maji bado umesimama na waya wake umeshika kutu. Upepo wa kiangazi unaleta majani ya miombo, yanabandika kwenye waya kama zamani. Alikuwa ameinama, mgongo umepinda kabisa, anayatoa kwa mikono, anayarundika pembeni vizuri.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba bila kugeuka, akasema, "Wapo?"

"Hawapo, mama."

Mikono yake ilisimama kidogo. Kisha akasogea upande mmoja akaniachia nafasi. Nikavua viatu, sijui kwa nini, hapakuwa na maji. Nikainama upande wa pili wa waya, nikaanza kutoa majani.